Aliyeachiwa Huru Bado Anadai

Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Mwanza. Riziki yangu inatoka zaidi kwenye mashauri ya ardhi, mirathi na mikopo, lakini kazi inayonikaa moyoni ni kuwadaia fidia watu walioshtakiwa jinai bila msingi. Mtaani wanasema mtu kabambikiwa kesi. Mtu wa namna hii hufika ofisini wiki chache baada ya kuachiwa, wakati ndugu waliokuja kumpongeza wamesharudi makwao na wanaomdai wameanza kupiga hodi. Mkononi ana bahasha ya kaki. Ndani yake mna hati ya mashtaka, nakala ya hukumu kama amebahatika kuipata, na stakabadhi mbili tatu ambazo wino wake umeshafifia.

Wengi wao wameambiwa na jamaa zao, na wakati mwingine na mawakili wenzangu, kwamba washukuru Mungu wametoka na yaishe. Siwezi kumwambia mtu hivyo. Aliyekaa mahabusu kwa jambo ambalo halikuwepo amechukuliwa kitu, na kilichochukuliwa kinadaiwa. Tabu ni jinsi sheria yetu inavyomtaka adai: kwanza athibitishe kilichokuwa ndani ya moyo wa mtu aliyemshtaki, ndipo alipwe hata nauli ya kwenda mahakamani. Baada ya kuzifanya kesi hizi kwa miaka mingi, naamini sharti hilo linawafungia nje watu ambao Katiba ilitaka waingie.

Nianze na mahali kesi hizi zinakozaliwa. Kwa niliyoyaona, chache sana huanzia kwa askari. Huanzia kwenye deni, kwenye mpaka wa shamba, kwenye mshahara ambao tajiri hataki kuulipa. Mtunza stoo anadai malimbikizo yake; wiki inayofuata anashtakiwa kwa wizi akiwa mtumishi. Ndugu wawili wanagombea kiwanja alichoacha baba yao. Mwenye uwezo anamfungulia mwenzake kesi ya kuingia kwa jinai na kuharibu mali, kwa kuwa shauri la ardhi huchukua miaka na pingu huchukua nusu saa. Mwanaume aliyeachwa anakwenda kuripoti kwamba ametishiwa kuuawa kwa maneno. Jinai inatumika kama fimbo ya kumalizia ugomvi ambao ulipaswa kwenda baraza la ardhi, kwa afisa kazi au kwa wazee wa ukoo. Na anayejua kuitumia fimbo hiyo huchagua Ijumaa jioni. Sheria inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na saa 24 ndizo tunazozihesabu sisi. Lakini ukikamatwa Ijumaa alasiri, wadhamini wanaitafuta barua ya mtendaji wakati ofisi zimefungwa, na unalala ndani mpaka Jumatatu. Anayekubambikia anajua kwamba hata kesi ikianguka baadaye, usiku zile tatu hazitafutika.

Mama mmoja niliyemwakilisha alikuwa akiuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Mtaji wake haukuwa fedha. Ulikuwa jina lake. Wavuvi na wanawake wanaokausha dagaa visiwani walimpa mzigo kwa mali kauli, yeye akauza, akarudisha fedha yao, akabaki na faida yake. Mnunuzi mmoja mkubwa alichukua mzigo wake mara kadhaa akamlipa vizuri, kisha akachukua mwingine hakulipa. Mama akadai. Akadai tena. Siku moja askari wakamfuata sokoni mchana kweupe, mbele ya wateja wake, wakamwambia kuna mtu analalamika kwamba alimpa fedha za dagaa na dagaa hawakufika. Kosa likaandikwa: kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Mdaiwa amegeuka mlalamikaji, mdai amegeuka mshtakiwa.

Kesi ile ilikwenda kama zinavyokwenda nyingine nyingi. Tarehe baada ya tarehe mwendesha mashtaka alisimama akaomba ahirisho, shahidi hajafika, shahidi amesafiri, shahidi hapatikani kwenye simu. Mlalamikaji alikuja mara moja, akatoa ushahidi ambao haukuwa na risiti wala jina la mtu aliyemwona akitoa fedha. Mwishoni hakimu alisema mshtakiwa hana kesi ya kujibu, akamwachia huru. Mama alinipigia siku ile ile, akiwa bado kwenye viwanja vya mahakama, na nyuma yake nilisikia wanawake wakipiga vigelegele.

Alipokuja ofisini baadaye nilimwomba alete karatasi zozote za biashara yake. Alileta daftari la kaunta lenye jalada la bluu. Kila ukurasa ulikuwa na majina upande wa kushoto, idadi ya magunia katikati, fedha upande wa kulia, na mstari mwekundu juu ya kila deni lililolipwa. Nililipitia jioni nzima. Majina yalikuwa yakijirudia miaka nenda miaka rudi, mistari myekundu ikifuatana, hadi wiki aliyokamatwa. Baada ya hapo kulikuwa na madeni matano yasiyopigwa mstari, kisha kurasa tupu. Hakuna mvuvi aliyeandikwa tena. Nilipomuuliza akajibu, "Wakili, nani atampa mzigo mtu aliyepandishwa karandinga kwa utapeli?"

Daftari lile likawa kielelezo chetu kikuu, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu wenye kudai fidia huangukia hapa. Mahakama ya madai hugawa hasara mafungu mawili. Lipo fungu la hasara mahususi: ada ya wakili, nauli, mzigo ulioharibika, mshahara uliokatika. Hizo lazima utaje kiasi chake kwenye hati ya madai na uzithibitishe moja moja. Bila karatasi hupati. Lipo na fungu la fidia ya jumla, kwa ajili ya aibu, mateso ya moyo na jina lililochafuka. Hiyo hakimu huipima kwa busara yake. Mfanyabiashara wa mali kauli hana risiti ya kuaminiwa. Hasara yake kubwa kuliko zote iko kati ya mafungu haya mawili, na usipomwonyesha hakimu kwa kitu cha kushika mkononi, ataiingiza kwenye fungu la jumla na kuipa kiasi kidogo. Kurasa tupu zilimwonyesha.

Sasa sheria yenyewe. Madai haya tunayaita mashtaka ya hila, na masharti yake yameshakaa katika mahakama zetu kwa muda mrefu. Hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1983 ambayo sote tunaitumia iliyapanga kuwa matano. Mdai athibitishe kwamba alishtakiwa na mdaiwa. Kwamba kesi iliisha kwa upande wake. Kwamba haikuwa na sababu ya msingi na ya kuridhisha. Kwamba mdaiwa alisukumwa na nia ovu. Na kwamba yeye mdai alipata madhara. Yote matano kwa pamoja. Moja likipungua, madai yanatupwa, na mara nyingi anaamriwa kumlipa gharama mtu yule yule aliyemweka ndani.

Sharti la kwanza linaonekana jepesi, lakini wengi hukwama hapo. Mdaiwa husimama kizimbani akasema maneno ambayo sasa nayajua kwa moyo: "Mheshimiwa, mimi nilitoa taarifa tu. Waliomshtaki ni polisi." Na mahakama zinamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema, tena ni sawa zimlinde. Nchi ambayo mtu anaogopa kuripoti wizi kwa kuhofia kudaiwa fidia itakuwa nchi ya wezi. Lakini anayejua kwamba anachosema si kweli, akampa mpelelezi jina, kosa na mashahidi, huyo ndiye aliyeshtaki hata kama hati ya mashtaka imeandikwa Jamhuri. Kuthibitisha kwamba alijua ndiyo kazi.

Kwa mama wa dagaa tulikuwa na ujumbe mfupi wa simu. Siku chache kabla ya kuripoti, yule bwana alimwandikia: "Endelea kudai, utalala ndani ndio unijue." Tarehe ilikuwepo, namba ilikuwepo. Tulitumia Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, tukaapa kiapo kuhusu simu ilivyotunzwa na ujumbe ulivyochapwa, na upande wa pili ukapinga kwa nguvu zote ukashindwa. Sentensi moja ya hasira ilitubebea masharti mawili. Ninao wateja wengine ambao walitishiwa vivyo hivyo lakini simu iliuzwa, ikaibwa, au ilichukuliwa kituoni na kurudishwa tupu. Hao nimewaambia ukweli kwamba njia ni nyembamba, na baadhi yao hatukufungua kabisa.

Nawaeleza wanaokuja mapema, kesi ya jinai ikiwa bado mbichi, wasisubiri hukumu ndipo waanze kukusanya. Tunza simu. Andika namba ya jalada na tarehe ya kila ahirisho na sababu iliyotolewa. Omba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri mara tu kesi inapoisha, kwa barua, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, mtu anaweza kuisoma hukumu yake mwenyewe neno kwa neno, na nimeona jinsi inavyompa mteja nguvu kujua hakimu alisema nini hasa juu ya shahidi mwongo. Kisha kumbuka muda. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu, na miaka hiyo huisha haraka kwa mtu anayehangaika kurudisha biashara.

Jinsi kesi ilivyoisha nayo ina uzito. Aliyesikilizwa akaonekana hana hatia yuko mahali pazuri. Lakini watu wengi hawafiki huko: shtaka linaondolewa tu asubuhi moja, bila sababu kutajwa, na mtu anaambiwa aende nyumbani. Hakuna hukumu, hakuna mstari hata mmoja unaosema shahidi alidanganya. Anapodai, mdaiwa anasema kesi haikuisha kwa upande wa yeyote. Mwaka 2021 viongozi wa Jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar walitoka mahabusu kwa njia hiyo, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoondoa mashtaka ya ugaidi baada ya miaka mingi ya kungoja kusikilizwa. Sina la kusema juu ya ushahidi uliokuwa au haukuwa kwenye jalada lao, kwa sababu haukufika mbele ya hakimu akaupima. Hilo ndilo linaloniuma. Miaka ya mtu imekwenda na hakuna chombo kilichotamka kama ilikwenda kwa haki au la.

Uko mlango mwingine ambao haupigwi hodi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa hakimu mamlaka, anapolitupa shtaka na kuona kwamba lilikuwa la upuuzi au la kusumbua tu, kumwamuru mlalamikaji amlipe mshtakiwa kiasi cha kuridhisha kwa usumbufu na gharama alizopata. Papo hapo, kwenye jalada lile lile, na hakimu yule yule aliyewaona mashahidi wakijikanyaga. Hakuna ada mpya wala kesi mpya ya miaka mitatu. Nimewauliza mawakili wengi kama wamewahi kuiomba amri hiyo; wengi walinitazama kama nimewauliza habari za enzi za Mjerumani. Mshtakiwa akiachiwa, kila mtu anakimbilia mlangoni kumkumbatia.

Mimi husimama. Nasema, "Mheshimiwa, kabla shauri halijafungwa, tuna ombi." Upande wa Jamhuri hunyanyuka na kusema mlalamikaji ni Jamhuri, kwa hiyo hakuna wa kuamriwa. Najibu kwamba anayelengwa ni mtu aliyekwenda kuripoti jambo ambalo mahakama imeona halina kichwa wala miguu, na hoja huendelea. Mara nyingi nashindwa. Lakini hakimu mmoja, bado kijana, alisikiliza pande zote mbili, akamwita mlalamikaji aliyekuwa amekaa benchi la nyuma, akampa nafasi ya kujieleza, akamwamuru amlipe mshtakiwa shilingi laki nne. Haikuwa fedha nyingi. Ilifidia nauli na ada, na ikasomwa mbele ya watu wa mtaa wao wote wawili. Yule mzee aliyelipwa, alikuwa ameshtakiwa kwa kuvuna mihogo kwenye shamba ambalo ni lake, alitoka akiwa amenyooka mgongo kwa namna ambayo sijaiona kwa wateja waliolipwa mamilioni baada ya miaka sita.

Nimejifunza kwamba jina ni sehemu kubwa ya deni. Katika madai mengine tulikwenda kwenye usuluhishi, na mteja wangu alikubali kiasi pungufu ya nusu ya alichodai, kwa sharti moja: mdaiwa asimame kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji, mbele ya mwenyekiti, aseme kwamba ng'ombe hawakuibwa na huyu. Mdaiwa aliona afadhali alipe zaidi kuliko kusema. Tulivutana sana juu ya sentensi ile. Mwishowe alisema, na mteja akaniambia kwamba tangu siku hiyo watoto wake hawaitwi tena watoto wa mwizi shuleni. Hakuna amri ya fedha ambayo ingefanya hivyo, na ningependa mahakama zetu zifikirie kuamuru mambo ya namna hii bila kusubiri wenyewe wakubaliane.

Ukitaka kuidai Serikali yenyewe, safari ni nyingine. Unatoa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Ukishinda, huwezi kukamata gari wala jengo la Serikali kukaza hukumu. Unapewa hati ya kiasi unachodai, unaiwasilisha, unangoja kulipwa. Waendesha mashtaka wana kinga kwa yale waliyoyafanya kwa nia njema, na mahakimu wana kinga yao. Sizipingi kinga hizo. Hakimu anayeogopa kudaiwa hawezi kuamua. Lakini zikijumlishwa na sharti la kuthibitisha nia ovu, mtu ambaye hakuna aliyemchukia, aliyekamatwa kwa kufananishwa sura au kwa upelelezi wa kizembe, anabaki bila wa kumdai. Polisi hawakuwa na hila naye. Walikosea. Na kwa sheria ilivyo, kosa lisilo na hila limeachwa limwangukie yeye peke yake.

Hali ni mbaya zaidi kwa wanaoshtakiwa makosa yasiyo na dhamana: mauaji, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliona kifungu kinachozuia dhamana kinakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, na kifungu kikabaki. Mtu wa makosa haya hukaa ndani tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, iwe ana hatia au hana. Yamefanyika mabadiliko ninayoyashukuru. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili shtaka lisipelekwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, ingawa makosa makubwa yaliachwa nje ya katazo hilo, na ni humo humo ambamo watu huozea. Mwaka 2023 Rais aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikakabidhi ripoti yake Julai mwaka huo. Nchi nzima ilisikia wananchi wakieleza walivyokamatwa na walivyoshtakiwa. Mjadala wa namna ya kuzuia kubambikiwa umeanza, lakini wa kumlipa aliyekwisha kubambikiwa bado ni mdogo sana.

Na wala msingi hatukosi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1976, na Ibara ya 9 ya mkataba huo inasema aliyekamatwa au kuwekwa kizuizini kinyume cha sheria ana haki ya kulipwa fidia. Katiba yetu, Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa walioathirika na makosa ya wengine, kwa mujibu wa sheria mahususi itakayotungwa na Bunge. Kwa watu wa mahabusu, hiyo sheria mahususi haipo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, na wafungwa kadhaa wa Tanzania waliwahi kuifikia wenyewe wakaamriwa kulipwa; lakini Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kupeleka mashauri huko, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Mlango ulio Arusha sasa Mtanzania wa kawaida haufikii.

Nchi nyingine zimetenganisha mambo mawili ambayo sisi tumeyafunga pamoja: kumlipa aliyeumia, na kumwadhibu aliyeumiza. Ujerumani ina sheria ya mwaka 1971 inayomlipa aliyewekwa mahabusu kisha akaachiwa huru. Kwa maumivu peke yake, mbali na hasara ya mali, kiwango ni euro 75 kwa kila siku tangu mwaka 2020. Japani imeiandika haki hiyo kwenye Katiba yake, Ibara ya 40, na kiwango cha juu ni yeni 12,500 kwa siku. Iwao Hakamada, aliyekaa gerezani zaidi ya miaka 47 kabla ya kuonekana hana hatia mwaka 2024, aliamriwa kulipwa zaidi ya yeni milioni 217 mwezi Machi 2025. Ukiigawa fedha hiyo kwa siku alizokaa ndani unapata kile kile kiwango cha juu. Hakuna aliyemtaka kwanza athibitishe chuki ya mpelelezi yeyote. Siku zilihesabiwa, zikalipwa. Viwango vyao si vya mfuko wetu, lakini hesabu ni ya kueleweka na mtu yeyote.

Wenzangu hunipinga kwa hoja moja nzito, na naiheshimu. Wanasema ukifanya fidia iwe rahisi, utawatisha wanaolalamika kwa haki, hasa mama aliyebakwa au mtoto aliyelawitiwa, kwa kuwa kesi hizo huanguka mara nyingi ingawa tendo lilitendeka. Kuachiwa kwa mshtakiwa hakumaanishi mlalamikaji alidanganya. Ni kweli kabisa, na mimi mwenyewe sijawahi kukubali kumdai fidia mwanamke kwa sababu tu ushahidi wake haukutosha. Lakini angalia hoja hiyo inakotupeleka. Sheria ya sasa, kwa kuwa inalipa tu pale panapoonekana mwenye hila, inamlazimisha aliyeachiwa amgeukie aliyelalamika na kumwita mwongo. Hana pengine pa kwenda. Kama Serikali ingelipa siku za mahabusu kwa sababu tu zilipotea, bila kumtafuta mkosaji, yule mama angeachwa na amani yake na mshtakiwa angeondoka na haki yake. Madai ya hila yangebaki kwa watu wa aina ya yule mnunuzi wa dagaa.

Tulimshinda, kwa taarifa yako. Mahakama ilimpa mama hasara mahususi zote tulizothibitisha na fidia ya jumla ambayo ilikuwa chini ya tulichoomba lakini juu ya nilichotarajia, na hukumu ikalitaja daftari. Kisha likaja suala la kukaza hukumu. Mdaiwa alikuwa amehamishia nyumba kwa mkewe na gari kwa shemeji yake. Sheria inaruhusu mdaiwa anayekwepa kulipa apelekwe gerezani kama mfungwa wa madai, na anayemdai ndiye hugharimia chakula chake huko. Nilimweleza mama njia hiyo. Alinikatalia pale pale. "Mahabusu naijua, wakili. Simpeleki mtu kule kwa ajili ya hela." Tukaenda kwa dalali wa mahakama kufuatilia ghala na mizigo yake, na sasa analipa kwa awamu, mwezi huu analipa, ujao anasumbua.

Ninachokitaka kutoka Bungeni kinaandikika kwenye kurasa chache. Mtu aliyewekwa mahabusu kisha shtaka likaondolewa au akaachiwa huru, awe na haki ya kulipwa kwa kila siku aliyokaa ndani, kwa kiwango kinachotajwa kwenye kanuni na kupitiwa kila baada ya muda. Maombi yapelekwe kwa fomu, kwenye mahakama ile ile iliyosikiliza kesi, yaamuliwe kwa kutazama kumbukumbu za gereza na jalada. Asilipwe aliyejiletea mwenyewe kwa kukimbia dhamana au kwa kukiri uongo kwa hiari yake. Mkurugenzi wa Mashtaka anapoondoa shtaka, atamke kama ni kwa kukosa ushahidi, ili aliyeondolewa awe na karatasi ya kushika. Ikishalipa, Serikali iwe na haki ya kumfuata aliyeripoti kwa uongo na kurudisha fedha yake. Yenyewe ina wanasheria na ina muda, mama wa Mwaloni hana.

Kabla ya sheria hiyo kuja, kile kifungu cha zamani cha kumwamuru mlalamikaji alipe kinatumika leo. Wakili kijana unayesimama mahakama ya wilaya, mteja wako akiachiwa huru, usikusanye karatasi zako upesi. Omba fidia na uhakikishe hakimu ameandika kwenye mwenendo kwamba umeomba, na ametoa sababu kama amekataa. Kukataa kwake kunaweza kupelekwa juu, na kadiri maombi hayo yanavyofika Mahakama Kuu kwa wingi, ndivyo majaji watakavyolazimika kutuambia kifungu hicho kina maana gani kwa mtu aliyelala ndani bure.